Jemadari Wetu ni Umaskini

Mei 1525. Barabara zinazoingia Lavenham, mji mdogo wa Suffolk mashariki mwa Uingereza, zimejaa watu: wafumaji, watia rangi, wakanda nguo, vibarua wa kila namna. Waliorekodi habari hizo zama zile wanataja watu 4,000. Mfalme Henry VIII anataka fedha za kupigana Ufaransa, na waziri wake Kadinali Wolsey ameagiza raia watoe moja ya sita ya mali zao, mapadri watoe theluthi. Kodi hiyo haikupitishwa na bunge. Iliitwa msaada wa kirafiki, na asiyeutoa alikuwa na kesi ya kujibu.

Ishara ya kuinuka ilikuwa kengele za kanisa. Husimuliwa kwamba hazikulia, kwa sababu wenye mali waliochelea damu walipanda mnarani wakazing'oa ndimi zake.

Duke wa Norfolk alipofika kuzungumza na umati, aliuliza jemadari wao ni nani. Akajitokeza John Greene, mtu wa miaka hamsini.

Jemadari wetu ni Umaskini, akajibu. Yeye na nduguye Dhiki ndio waliotufikisha hapa.

Kisha akafafanua. Sisi hatuishi kwa vyetu, tunaishi kwa kazi ya matajiri wa nguo, na ujira wao hautushibishi. Sasa matajiri wanasema kodi imewamaliza, hawana kazi ya kutupa. Mfalme akaifuta kodi. Vinara wakapelekwa London, wakasamehewa.

Jibu hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, na sababu ni picha. Picha za Lavenham hazikauki mitandaoni: nyumba za mbao zilizoinama, rangi ya waridi, vichochoro visivyo na nyaya. Chini yake maoni ni yale yale, kwamba wenzetu wanajua kutunza vyao. Kila nikiyasoma namkumbuka Greene. Kwa karibu miaka 350 hakuna aliyekuwa akizitunza nyumba zile kwa ajili ya uzuri wake. Zilibaki kwa sababu jemadari aliyemtaja hakuondoka mjini.

Pipa la buluu

Utajiri wa Lavenham ulikuwa joho, na tena joho la buluu. Mji ulipata kibali cha soko mwaka 1257, lakini fedha hasa ziliingia kati ya miaka ya 1460 na 1530. Katika makadirio ya kodi ya 1524 ulihesabiwa wa 14 kwa utajiri Uingereza nzima, wakati unaweza kuuvuka kwa miguu ndani ya robo saa.

Joho ni kitambaa cha sufu kilichokandwa mpaka nyuzi zikashikana zisionekane. Mtindo wa Lavenham ulikuwa kutia rangi sufu ghafi kabla haijasokotwa. Rangi ikiingia mapema hivyo hufika kwenye kiini cha uzi, na nguo ikichakaa viwikoni haifichui weupe. Hasara yake ni kwamba tajiri anafunga fedha yake kwenye rangi miezi mingi kabla ya kuuza hata yadi moja.

Rangi ilitoka kwenye mmea wa jamii ya kabichi, Isatis tinctoria, tuuite nili ya Ulaya. Majani husagwa, hufinyangwa madonge, hukaushwa. Madonge huvunjwa tena, humwagiwa maji, hulundikwa na kugeuzwa kwa wiki kadhaa mpaka yachache. Uvundo wake ulikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 1585 serikali ya Malkia Elizabeth I ilizuia kilimo hicho karibu na miji, harufu ikiwa mojawapo ya sababu.

Kazi ngumu ni ya pipa. Maji yanatakiwa yawe moto wa kuvumilika kwa mkono, kwenye nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Inatiwa nili iliyochachushwa, pumba za ngano za kulisha uchachu, na chokaa au majivu ili maji yasigeuke makali kama siki. Pipa hufunikwa na kuachwa. Likiwa tayari, maji yana rangi ya manjano yenye ukijani, na juu hutanda povu la buluu linalong'aa kama shaba.

Sufu huzamishwa taratibu bila kuvuruga maji, maana hewa ikiingia rangi inajifunga humo humo badala ya kushika nyuzi. Ikitolewa, sufu ni ya manjano. Halafu, mbele ya macho, inageuka kijani, kisha buluu. Ni hewa inayofanya kazi hiyo. Ukitaka buluu nzito kama kaniki, unarudia kuzamisha mara nyingi.

Pipa linaharibika kwa njia tatu. Moto ukizidi, vijidudu vinavyochachusha vinakufa na nili inakaa chini kama tope. Chokaa ikipungua, pipa linaoza. Chokaa ikizidi, uchachu unasimama na sufu inaungua, inakuwa kavu na kukatika wakati wa kusokotwa. Mtia rangi hakuwa na kipimo chochote zaidi ya pua, ulimi na kiganja. Pipa moja likiharibika, hasara yake iliwakumba wachanaji, wasokotaji na wafumaji waliokuwa wakingoja sufu ile.

Kutoka pipani sufu ilichanwa, ikasokotwa na wanawake majumbani, mjini na vijiji jirani. Mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa ili mtambo wake usilale. Joho pana lilifumwa na watu wawili wakirushiana uzi wa mshindio kutoka upande huu hadi ule. Baada ya hapo likapelekwa kinuni, nyundo za mbao zinazoendeshwa na maji zikalikanda likiwa na udongo wa kuondoa mafuta. Liliingia pana na kutoka limepungua sana upana, lakini nene.

Lilikaushwa likiwa limetundikwa kwenye fremu zenye kulabu. Hapo ndipo udanganyifu ulipoingia: mwenye joho fupi alilivuta kwa nguvu mpaka likafika kipimo. Mnunuzi akishonewa vazi, mvua ya kwanza tu inalirudisha lilikotoka. Ndiyo maana mkaguzi wa mfalme alilipima kwanza, ndipo akalibana muhuri wa madini ya risasi.

Jumla yake ni kipande cha mita 22 hivi, kilichopita mikononi mwa watu wengi ambao karibu wote hawakuwa na sufu ya kwao. Hiyo ndiyo maana ya maneno ya Greene kwamba hatuishi kwa vyetu.

Matajiri wenyewe tunawajua. Thomas Spring, aliyefariki mwaka 1523, aliacha wasia wa pauni 200 kumalizia mnara wa kanisa. Mnara una urefu wa mita 43, umejengwa kwa mawe ya gumegume, na kuchongwa nyota ya ukoo wa de Vere, wenye ardhi ya mji, pamoja na nembo ya akina Spring. Miaka miwili baada ya wasia huo, wafanyakazi wa mji ule ule walikuwa barabarani wakisema hawana chakula.

Nguo ilipokata

Biashara haikufa siku moja. Joho la Suffolk lilipitia London kwenda bandari ya Antwerp, ng'ambo ya bahari, na soko la Antwerp liliyumba vibaya katika miaka ya 1550. Miaka ya 1560 na 1570 wakimbizi wa dini kutoka Flanders na Uholanzi waliweka makazi Colchester, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Lavenham, wakafuma vitambaa vyepesi, vya bei nafuu, vyenye rangi nyingi. Wanunuzi wa nchi za joto walivipenda. Joho zito la buluu likawa nguo ya jana.

Lavenham ukabaki kusokota nyuzi kwa ajili ya wafumaji wa kwingine. Jumba la chama cha kidini cha Corpus Christi, lililosimamishwa karibu mwaka 1530 kwa fahari zote, lilikaa na wenyewe kwa muda usiofika miaka 20. Mwaka 1547 serikali ilivifuta vyama vya aina hiyo. Jumba likawa gereza, makazi ya maskini wa parokia, ghala la sufu.

Viwanda vikubwa vilipozuka karne mbili baadaye vilifuata makaa ya mawe na mito yenye nguvu ya kaskazini. Suffolk haina makaa. Mto wa hapa, Brett, ni mdogo. Karne ya 19 mji ulijaribu kila kitu: kufuma manyoya ya farasi kwa ajili ya viti, kufuma mikeka ya makumbi ya nazi zilizokuja kwa meli, hata kimoja cha viwanda vya kwanza vya sukari ya viazisukari Uingereza, alichofungua James Duncan mwishoni mwa miaka ya 1860 na kikafungwa baada ya miaka michache. Reli ilifika 1865. Treni za abiria zilisimama 1961.

Sasa tazama miji mingine ya nguo iliyoendelea kupata fedha. Karne ya 18 mwenye uwezo alibomoa ukuta wa mbele wa mbao akajenga wa matofali, akaweka madirisha makubwa yaliyonyooka. Asiyeweza alipiga lipu juu ya mbao. Lavenham walipiga lipu.

Lipu ile ndiyo iliyoziokoa mbao.

Ulimi, tundu, kigingi

Inafaa kuijua nyumba yenyewe kabla ya kuzungumzia utunzaji wake.

Mbao ni za mwaloni, na zilichongwa zikiwa mbichi. Mwaloni mkavu ni mgumu hata patasi inagoma, kwa hiyo hakuna fundi aliyengoja. Fremu nzima ilitengenezwa ikiwa imelala chini, kwenye uwanja wa seremala. Kila ulimi, yaani ncha ya ubao inayoingia ndani ya ubao mwingine, ulichongwa kwa ajili ya tundu lake moja tu, hauingii kwingine. Ndipo fundi alipokwaruza alama kwa chuma, mistari kama namba za Kirumi, moja kwenye ulimi na pacha yake kwenye tundu. Fremu ikafunguliwa, ikapakiwa mkokotenini, ikaunganishwa tena kwenye kiwanja. Alama hizo bado zinaonekana ukiinama karibu na maungio.

Hakuna misumari. Kiungo hufungwa kwa kigingi cha mwaloni mkavu, na ujanja uko kwenye tundu lake. Tundu la kwenye ulimi hutobolewa milimita mbili au tatu karibu zaidi na bega la ubao kuliko lile la kwenye nguzo. Kigingi kikipigwa kinalazimika kupinda kidogo, na kupinda huko kunavuta viungo vibanane. Milimita zikizidi, kigingi kinakatika au ulimi unapasuka. Zikipungua, kiungo kitalegea mbao zitakapokauka.

Chini ya yote kuna boriti ya msingi, imelala juu ya ukuta mfupi wa gumegume au matofali ili isiguse ardhi. Nguzo zinasimama juu yake. Kwenye nyumba za wenye fedha nguzo zimebanana, nafasi kati yake ikikaribia upana wa nguzo yenyewe. Jengo halikuhitaji mbao nyingi kiasi hicho, lakini jirani alihitaji kuziona. Ghorofa ya juu huchomoza nje ya ile ya chini kwa karibu nusu mita.

Kukandika

Kati ya nguzo na nguzo ni udongo. Nyumba hizi ambazo leo watu huvuka bahari kuzipiga picha ni za fito na udongo, na aliyewahi kukandika ataitambua kazi hii bila mkalimani.

Vijiti vya mwaloni uliopasuliwa huchomekwa wima: ncha moja kwenye tundu la boriti ya juu, nyingine kwenye mfuo wa boriti ya chini. Fito za mti wa hazeli hufumwa au kufungwa kamba juu yake. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na nyasi kavu zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, hukanyagwa kwa miguu mpaka uwe mlaini lakini usiodondoka. Watu wawili husimama, mmoja ndani, mwingine nje, wakiutupia kwa nguvu wakati mmoja, ili matonge yakutane katikati ya fito na kushikana. Akifanya mmoja peke yake, udongo unamenyuka.

Nyasi zinazuia nyufa kubwa. Udongo ukiwa na mfinyanzi mwingi na nyasi chache, unapasuka kama kitanda cha mto wakati wa kiangazi. Ukiwa na mchanga mwingi, unapukutika. Unaachwa ukauke wiki nne au zaidi kutegemea hali ya hewa, nyufa zinazibwa, uso unakwaruzwa, kisha inakuja chokaa.

Chokaa tena. Iliyokuwa pipani inalinda rangi, ndiyo hiyo ukutani.

Kwa nini zimepinda

Watalii huambiwa kwamba nyumba zimepinda kwa sababu zilijengwa kwa mbao mbichi. Maelezo hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye faida kwa anayetaka kutengeneza.

Ubao mbichi ukikauka hupungua unene na upana, na hujipinda ukiwa na nyuzi za mshazari. Urefu wake haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo ukavu unaweza kueleza pengo la kidole pembeni mwa nguzo, au boriti iliyojinyonga kidogo. Hauwezi kueleza nyumba iliyolalia jirani yake.

Nyumba kulala kunatokana na mambo mengine. La kwanza ni boriti ya msingi kuoza upande mmoja, nguzo za upande huo zikashuka. La pili ni mtu aliyekata mhimili wa mshazari ili apate mlango au dirisha. Mihimili hiyo ndiyo inayozuia fremu isiende upande, na aliyeukata karne ya 17 hakuyaona matokeo yake. La tatu ni jirani kubomolewa, maana nyumba hizi zilikuwa zikiegemeana. La nne ni ardhi ya mfinyanzi, inayovimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi kikiwa kirefu.

Fremu ya mbao huvumilia haya yote kwa sababu viungo vyake hucheza. Ukuta wa matofali ungepasuka.

Kosa linalofuata ni kutaka kuinyoosha. Nyumba iliyochukua miaka 400 kuinama imezoea hivyo. Sakafu, milango na paa vimekatwa upya kuufuata mwinamo. Ukiivuta irudi, unavunja ndimi ndani ya matundu yake, mahali usipopaona. Fundi mzoefu huizuia isiendelee, anabadilisha kipande kilichooza kwa mwaloni, na hapo anaacha.

Koti la saruji

Kilichoziumiza nyumba hizi kuliko umaskini ni ukarabati wa karne ya 20.

Ukuta wa udongo na chokaa hunyonya mvua na kuitoa jua likiwaka. Mbao ndani yake hulowa na kukauka, hulowa na kukauka, na hazidhuriki. Saruji ni ngumu na haichezi. Fremu ikijongea kidogo, saruji inapata ufa mwembamba kama uzi. Mvua inaingia kwenye ufa, haipati pa kutokea, inateremka hadi kwenye boriti ya msingi na kukaa pale. Ubao ukishapita asilimia 20 hivi ya unyevu, ukungu wa kuozesha unaanza kazi, na wadudu wanaotoboa mwaloni hupenda ubao uliokwishalainishwa na ukungu.

Kwa nje ukuta ni safi. Ndani, boriti iliyodumu miaka 450 chini ya chokaa inaweza kugeuka unga wa kahawia ndani ya miongo michache. Dalili zipo: rangi ya plastiki inayotoka kwa vipande vikubwa, ukuta wenye sauti ya mvungu ukigongwa, doa la maji lisilokauka karibu na sakafu.

Dawa inajulikana. Saruji inaondolewa kwa patasi, taratibu, kwa sababu ikivutwa kwa pupa inaondoka na udongo wa zamani. Palipobomoka panakandikwa upya, na udongo uliodondoka unaweza kuloweshwa na kutumika tena. Lipu ni rojo la chokaa iliyozimwa na kulala angalau miezi mitatu, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga wenye punje kali, na manyoya ya mbuzi yaliyochambuliwa ili yasijikunje madonge. Kila mkono wa lipu usizidi milimita kumi hivi. Ukuta unaloweshwa kwanza, na kazi inafunikwa kwa magunia mabichi isikauke haraka, maana chokaa haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole ikiwa na unyevu.

Anayezima chokaa mwenyewe atie chokaa kwenye maji, asimwage maji juu ya chokaa, na macho yafunikwe. Inachemka, inaruka, inapofua.

Baridi ya kugandisha maji ikija kabla chokaa haijakomaa, lipu inabanduka. Kwa hiyo kazi ya nje kule hufungwa Oktoba na kuanza tena majira ya kuchipua.

Mwisho ni kupaka. Chokaa ya kupaka iwe nyepesi kama maziwa, mikono mitano, siku moja kati ya mkono na mkono. Anayeipaka nzito ili amalize kwa mikono miwili atapata vumbi jeupe nguoni kila anapoegemea ukuta. Rangi ya waridi maarufu ya Suffolk inahusishwa na damu ya ng'ombe, na hadithi hiyo inapendwa. Udongo mwekundu kidogo kwenye ndoo ya chokaa unatosha kuitoa.

Na mbao zisipakwe lami nyeusi. Mtindo wa nyeusi na nyeupe ulienea zama za Malkia Victoria. Za Lavenham nyingi ni za kijivu cha fedha, rangi ya mwaloni ulioachwa na jua, au zimepakwa chokaa pamoja na ukuta.

Mbao zilizorudi

Nilitaka kujua ni lini umaskini uliacha kuwa mlinzi na watu wakashika zamu. Jambo lililo karibu zaidi na jibu ni lile lililotokea muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Jumba la sufu la mji, mojawapo ya majengo yake makubwa, lilinunuliwa na Princess Louise, binti wa Malkia Victoria. Mafundi walilifungua ili likajengwe upya Ascot, upande wa pili wa London. Mbao zilizochongwa alama za kukwaruza zamani zile ziliweza kusafiri kama kitanda kilichofunguliwa. Kwa sheria hapakuwa na tatizo: mwenye mali amenunua mali.

Watu wa Lavenham, paroko wao akiwa mbele, walipiga kelele. Mbao zikarudi. Jumba likasimamishwa pale pale, baadaye likawa mahali pa kupumzikia wafanyakazi wanawake wa reli waliokuwa wakipata nafuu, na leo ni sehemu ya hoteli.

Hapo ndipo ninapoona mji ukijitambua. Tangu hapo mambo yalifanywa kwa makusudi. Jumba la Corpus Christi lilikabidhiwa kwa National Trust, shirika la hisani la kutunza urithi, mwaka 1951. Miaka ya 1960 nyaya za umeme na simu zilifukiwa chini. Leo zaidi ya majengo 300 yamo kwenye orodha ya urithi, na kubadilisha hata dirisha bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai.

Funguo za nani

Bado kuna jambo halijanikaa sawa.

Nyumba ndogo za Water Street, ambapo chini ya barabara kuna mfereji wa matofali uliojengwa kupitisha maji zama za biashara ya nguo, zilikaliwa na watu wa aina ya John Greene. Chumba chini, chumba juu, mtambo karibu na dirisha. Leo mji una watu wasiofika 2,000, na nyumba kama hizo ni miongoni mwa zinazotafutwa zaidi Suffolk. Nyingine hupangishwa kwa wageni wa siku mbili tatu, madirisha yakiwa na giza katikati ya wiki.

Ukarabati wa chokaa unataka fundi mwenye subira na mwenye nyumba mwenye akiba. Umaskini uliozihifadhi nyumba hizi usingeweza leo kulipia hata boriti moja ya msingi. Kwa upande huo, kuja kwa wenye fedha ni heri kwa mbao. Lakini mji uliosimama kwa mikono ya watu waliokula kwa kazi ya siku ile ile hauwezi sasa kumpa nyumba msokotaji wala mtia rangi, hata kama wangefufuka wakiwa na mishahara yao. Naipima heri hiyo dhidi ya hasara hii, na mizani haitulii upande wowote.

Kanisani, juu mnarani, kuna kengele kubwa yenye uzito unaopita tani moja. Ilisubiwa na Miles Graye wa Colchester mwaka 1625, miaka mia kamili baada ya ule ukimya wa kengele, wakati biashara ya joho ilikuwa tayari imeporomoka. Wapiga kengele huihesabu miongoni mwa zenye sauti nzuri kuliko zote, na Juni 21 huadhimishwa kama siku yake ya kuzaliwa. Kamba huvutwa, gurudumu linazunguka, kengele inapinduka mdomo juu, inatulia kidogo, inashuka.

Ulimi wake upo mahali pake.